Umeme Katika Nyumba Kuukuu

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za umeme. Si ule wa mawinguni upasuao minazi, bali huu upitao kimya ndani ya kuta za nyumba zetu. Nitasema hasa juu ya nyumba za zamani. Nyumba mpya ikiwa na kasoro, fundi wake yu hai na aweza kuulizwa; lakini nyumba ya zamani aghalabu fundi wake amekwisha kufa, na nyaya alizozificha hakuna tena azijuaye.

Mjini Dar es Salaam umeme ulianza mwaka 1908, zamani za Wadachi. Huko Kenya, kampuni ya Mombasa na ile ya Nairobi ziliunganishwa kuwa moja mwaka 1922. Kwa hiyo katika miji yetu zimo nyumba zilizotiwa umeme kabla wengi wetu hatujazaliwa. Waya wa siku hizo ulikuwa ni shaba iliyovikwa mpira, na juu ya mpira huo uzi wa pamba uliosukwa, au pengine gamba la risasi. Plastiki ilikuja kuenea baadaye, katika miaka ya 1950 na 1960.

Shaba haizeeki upesi. Mpira ndio uzeekao. Miaka ikipita, na hasa mahali penye joto kama darini chini ya bati, mpira hukauka, huwa mgumu, kisha hupasuka kama ganda la yai. Na ubaya wake ni huu, kwamba mwenye nyumba haoni kitu. Taa yawaka vile vile, ukuta umepakwa chokaa safi, na waya uliopasuka hukaa mahali pake kwa salama maadamu haukuguswa. Siku fundi afunguapo swichi ili kuongeza waya mwingine, ndipo ganda humwangukia mkononi kama unga, shaba mbili zikabaki uchi zikitazamana.

Jambo la pili ni mzigo. Waya wa zamani ulipimwa kwa kazi ya zamani, nayo ilikuwa taa tatu nne, na labda redio. Hebu tufanye hesabu. Taa ya wati 60, katika umeme wa volti 230, huvuta kama robo ya ampia moja. Birika la umeme la wati 2,000 huvuta karibu ampia 9, yaani sawasawa na taa 33 zilizowashwa pamoja. Ongeza pasi, na jiko, na friji, vyote vikining'inia katika soketi moja kwa plagi zilizopandana kama watoto juu ya mwembe. Na ninyi wanafunzi kumbukeni kwamba joto la waya haliongezeki kwa kadiri moja na umeme. Ukizidisha umeme mara mbili, joto huwa mara nne. Ukizidisha mara tatu, huwa mara tisa.

Wafundi wa kwanza walilijua jambo hili, ndiyo maana waliweka mlinzi. Mlinzi huyo ni fyuzi. Chuoni huwaonyesha wanafunzi kazi yake kwa vitu vya senti chache: betri tatu za tochi zilizopangwa mfululizo, vipande viwili vya waya wa shaba, na uzi mmoja tu wa stilwaya ile ya kusugulia masufuria, umelazwa juu ya sahani. Shaba zikigusa ncha mbili za uzi huo, uzi huwaka mwekundu mara moja na kukatika, na shaba haijapata hata uvuguvugu. Basi fyuzi ni waya mwembamba uliowekwa makusudi uwe dhaifu kuliko nyaya zote za nyumba, ili ufe wenyewe kabla zile nyingine hazijapata moto. Katika visanduku vya zamani, waya wa fyuzi ya taa, ya ampia 5, una unene wa milimita 0.2 tu, ule wa ampia 15 una nusu milimita, na ule wa ampia 30 una milimita 0.85.

Sasa fyuzi ikikatika usiku, wageni wamo sebuleni, watu hufanya nini? Mmoja hutia waya mnene alioukata katika kamba ya zamani ya pasi. Mwingine hutia msumari. Nimewahi kuuona msumari huo kwa macho yangu, na mwenye nyumba aliusifu kwa kuwa haujakatika tangu autie! Ni kweli hautakatika. Kitakachokatika ni waya ulio ndani ya dari, nao hautakatika bila kuwasha mbao. Fyuzi ikikatika mara moja, zima swichi kuu, kisha tia waya wa kipimo kile kile. Ikikatika tena, usitie waya mnene zaidi, tafuta sababu.

Lakini mtu asidhani kuwa fyuzi nzuri yatosha. Yako mambo mawili ambayo fyuzi haiyaoni kabisa.

La kwanza ni kiungo kilicholegea. Hapo umeme hauzidi, bali hupita kwa taabu katika nafasi nyembamba, na taabu hiyo hugeuka joto mahali pamoja padogo. Katika nyumba za pwani hewa ya chumvi hula shaba na skrubu, na ukuta wa mawe ya matumbawe hushika unyevu. Kwa hiyo viungo huharibika upesi kuliko bara. Dalili zake hazihitaji fundi kuzitambua: soketi ina doa la kahawia, plagi ni moto mkononi, taa hucheza, au pana harufu kama ya samaki au mpira ulioungua na hakuna apikaye. Ukiona moja tu ya hizo, soketi ile isitumike tena mpaka ifunguliwe na ajuaye.

La pili ni mwili wa mtu. Fyuzi ya ampia 5 hulinda nyaya, haikulindi wewe. Moyo wa mtu waweza kuvurugika na kusimama kwa umeme usiofika hata sehemu ya kumi ya ampia moja, na fyuzi haitajua kwamba umeguswa. Kwa ajili hiyo vyombo vya chuma hufungwa waya wa ardhi, ili umeme ukitoroka upite huko wala si mikononi mwetu. Nyumba nyingi za zamani hazina waya huo katika taa; hata Uingereza kwenyewe kanuni ya kuutia katika kila njia ya taa ilikuja mwaka 1966. Katika nyumba ya namna hiyo, swichi ya plastiki isibadilishwe kwa swichi nzuri ya shaba iliyosuguliwa, maana uzuri huo waweza kuua. Waya ulioliwa na panya ukigusa bati, paa lote huwa na umeme, na atakayeanika nguo kwa waya uliofungwa pale hataonywa na mtu.

Dawa ipo, nayo ni swichi inayojikata yenyewe umeme ukitoroka kwa kadiri ya sehemu 30 katika elfu za ampia. Haina budi kuwekwa na fundi, nayo ina kitufe cha kuijaribu. Kibonyezwe kila baada ya miezi michache.

Kwa mafundi vijana nina maneno mawili. Katika nyumba za zamani sana fyuzi zilitiwa katika nyaya zote mbili, ule uletao umeme na ule uurudishao. Fyuzi ya waya wa kurudisha ikikatika, taa huzimika, lakini umeme ungali umejaa katika kishikio. Kwa hiyo usimwamini mfu huyo mpaka umempima. Tena rangi zimebadilika. Zamani mwekundu ulileta umeme na mweusi uliurudisha. Siku hizi kahawia huleta na buluu hurudisha, na mweusi nao waweza kuwa wenye umeme.

Ikitokea mtu ameshikwa na umeme, usimvute kwa mkono, hata awe mwanao. Zima swichi kuu kwanza. Kama haifikiki, simama juu ya ubao mkavu au gazeti nene kavu, umsukume kwa mpini mkavu wa ufagio; kisha mtazame kama anapumua. Na soketi ikishika moto usiimwagie maji: zima swichi kuu, toa watu nje, halafu tupa mchanga mkavu.