Sakafu ya kusugua yataka subira na fundi ajuaye pa kukoma

Mwezi wa Shaabani mwaka 2018, katikati ya mvua za masika, mama yangu alianguka mahali pa kutawadhia nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa. Alikuwa amekwisha kuosha mguu wa kulia, anainua wa kushoto, na chini yake palikuwa na vigae vyeupe vinavyong'aa ambavyo kaka yangu alivitia mwaka mmoja kabla kwa nia njema kabisa. Kifundo cha mkono kilivunjika. Mama mwenyewe hakulia. Alisema tu, pale pale chini alipoketi, kwamba vile vigae alivichukia tangu siku ya kwanza.

Basi vigae vikabomolewa, na hapo ndipo yalipoanza mabishano ambayo yamenifanya niandike makala haya. Kaka alitaka nyumba nzima itiwe terazo, kuanzia daka mpaka jikoni, na iwake kama kioo kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Alikwisha kumpata fundi aliyeahidi kuimaliza kazi kwa siku tano. Mimi sikuwa na rai yoyote ya maana. Nilijua tu kwamba mama hatakubali kuteleza mara ya pili.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja, fundi wa zamani, jirani yetu, ambaye siku hizi macho yamempunguka na kazi amewaachia wanawe. Alikuja kumjulia hali mama, akapiga hodi, akakaribishwa kahawa, na alipoondoka alipitia uani kutazama. Akanigeukia akaniuliza, "Mwanangu, nyinyi mwataka sakafu ya kusugua au mwataka sakafu ya kung'arisha? Maana watu huyataja hayo kama jambo moja, na si moja."

Mimi nilidhani ni moja. Na naamini wasomaji wengi wa ukurasa huu pia wadhani hivyo, kwa hiyo nieleze nilivyoelezwa.

Zege ni saruji, mchanga, kokoto na maji. Likisha kushikana, uso wake wa juu huwa ni utando mwororo wa saruji tupu, nao ni dhaifu: huchubuka, hutoa vumbi, hupasuka nyufa kama za yai. Ukiusugua ule utando kwa mashine yenye mawe makali, unafika kwenye mwili wa zege lenyewe, na zile kokoto zinatokeza zimekatwa bapa, kila moja na rangi yake. Terazo ni ndugu ya kazi hiyo hiyo, ila kokoto zake ni vipande vya marumaru vilivyochaguliwa, nazo hutandazwa kwa tabaka jembamba la kama nusu inchi juu ya zege la kawaida. Watu wa Venice huko Italia ndio waliotuachia jina hilo, na mwanzo wake ulikuwa mabaki ya marumaru ya majumba ya matajiri.

Kusugua huenda kwa namba za mawe. Mafundi wetu huanza na jiwe la namba 60 au karibu yake, lenye chembe kubwa, kisha 120, kisha 220. Hapo sakafu ni laini mkononi lakini haiwaki. Ukiitazama ni kama kokoto la ufukweni lililokauka. Ukiendelea na mawe ya namba 400, 800 mpaka 3,000 ndipo unapata ule mng'aro wa hoteli. Na kila jiwe unalozidisha linaondoa vikwaruzo vidogo vidogo ambavyo wayo wenye maji huvishika. "Pa kutawadhia," alisema yule mzee, "koma kwenye mia mbili. Fundi hajulikani kwa kuanza, yajulikana wapi atakoma."

Nilipomweleza mama maneno hayo alijibu, "Mimi sitaki kioo cha kujitazamia miguuni. Nataka pahali pa kusimama."

Hata hivyo yule mzee alikataa jambo moja kabisa, nalo ni kutia zege ukumbini. Nyumba yetu ni ya zamani, kuta za matumbawe na chokaa, na sakafu ya ukumbi ni ya chokaa aliyoipiga babu yetu. Kaka aliona ni uchakavu tu. Mzee alimshika mkono akampeleka kwenye ukuta wa nyuma ambao miaka ya nyuma ulipakwa plasta ya saruji mpaka usawa wa kiuno. Juu ya ile plasta, chokaa ilikuwa imevimba na kupukutika, na chumvi nyeupe imetoka kama unga. Unyevu wa ardhini hupanda ndani ya ukuta wa matumbawe, na chokaa, kwa kuwa ina vitundu, huuachia utoke polepole. Saruji huuzuia. Maji yakizuiwa chini hayarudi yalikotoka. Hupanda juu zaidi na kutafuta mlango. Ukitia zege zito ukumbi mzima, unyevu wote wa chini ya nyumba utakimbilia kutani.

Ajabu ni kwamba vitu hivyo viwili vyazaliwa na mama mmoja. Chokaa ya wazee ilichomwa kutokana na matumbawe, na kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza kazi mwaka 1954, kilichimba mawe ya matumbawe yale yale ya pwani yetu. Tofauti ni moto na udongo. Chokaa hupatikana kwa joto la kama digrii 900, lakini saruji huchanganywa na mawe ya udongo na kuchomwa kupita digrii 1,400. Chokaa hukamatana kwa hewa, taratibu, mwaka baada ya mwaka. Saruji hukamatana kwa maji, tena kwa haraka.

Hata neno lenyewe lina hadithi. Sakafu kwa Kiarabu, saqf, ni dari au paa, kitu cha kichwani, na sisi tumekitia miguuni. Sababu yake haiko mbali: katika nyumba za mawe za pwani, boriti zilipangwa, mawe yakawekwa juu, kisha chokaa na kokoto zikapigwa, ikawa ni dari ya wa chini na ni mahali pa kutembea pa wa juu. Katika karne ya 19 wageni waliofika Unguja waliona watu wamejipanga safu wakiipiga sakafu kwa vipande vya mti, siku baada ya siku, kwa nyimbo. Ile kazi ya kupiga ndiyo iliyofanya chokaa iwe ngumu na laini. Kwa hiyo tusidhani kwamba sakafu inayofanyiwa kazi mpaka ilainike ni mambo mageni. Kilichokuja kigeni ni mashine na haraka.

Tukakubaliana, baada ya siku mbili za kununiana, kwamba ukumbi utazibwa mashimo yake kwa chokaa tu, na zege la kusugua litatiwa pa kutawadhia, uani na kwenye meza ya jikoni. Daka kaka akalichukua awe nalo na fundi wake wa siku tano. Kila mtu na daka lake, nikasema moyoni.

Watoto wa yule mzee walianza na maji. Kisima cha uani kwetu kina maji ya magadi, kama visima vingi vya Mji wa Kale, na mabomba siku hizo yalikuwa makavu. Walikataa kukoroga kwa maji ya kisima. Ilitubidi kununua mitungi ya mikokoteni, jambo ambalo lilimkera kaka sana, lakini maji ya chumvi hula chuma kilicho ndani ya zege na baadaye hutoa madoa meupe juu. Mchanga vile vile: wa mto, si wa pwani, hata kama wa pwani uko hatua mia kutoka mlangoni na hauna bei. Walipima kwa karai, moja la saruji, mawili ya mchanga, manne ya kokoto, na kokoto zenyewe walizichagua na kuziosha kwa kuwa ndizo zitakazoonekana. Ua waliugawa vipande vya kama mita moja na nusu kwa vyuma vyembamba vya shaba, ili zege likijikunja, maana hujikunja, lipasuke pale lilipoamriwa.

Pa kutawadhia walishughulika napo kuliko pengine pote. Waliweka mwinamo wa sentimita moja na nusu kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji, wakapima na kupima tena kwa pima maji. Wakajenga kijibaraza cha kukalia, cha kimo cha goti la mama (walimwita akae juu ya kiti wakampima), ili asiwe anasimama kwa mguu mmoja. Kingo zote wakazifanya mviringo.

Kisha wakafunika kila kitu kwa magunia, wakatuagiza tuyamwagie maji asubuhi na jioni kwa siku saba, wakaenda zao.

Hapa ndipo penye kosa la watu wengi, na nitalisema wazi. Twasema saruji "imekauka". Saruji haikauki, hushikana, na ili ishikane yahitaji maji yawemo. Ikinyang'anywa maji na jua au upepo siku za mwanzo, inabaki unga uliogandamana tu. Nguvu zake huhesabiwa kwa siku 28, na wiki ya kwanza ndiyo inayoamua. Yule fundi wa kaka hakutia gunia hata moja. Siku ya tatu alileta mashine akaanza kusugua daka, na kokoto zikang'oka nzima nzima, zikaacha mashimo kama ufizi uliotolewa meno. Aliyaziba kwa uji wa saruji, akapaka nta, pakawaka. Ramadhani ilipoandama daka la kaka lilikuwa tayari na wageni walilisifu. Uani petu palikuwa pamefunikwa magunia.

Mashine ya wale vijana ilikuja baadaye, nao walisugua kwa maji. Nawasihi wenye nyumba walisimamie hilo bila kuona haya. Kusugua zege kikavu hutoa vumbi la mawe lenye silika, ambalo likiingia mapafuni halitoki, na ugonjwa wake hauna dawa ya kuuponya. Fundi asiyefunika pua hudhurika yeye kwanza, kisha watoto wa nyumba. Maji hulituliza vumbi likawa uji wa kijivu, na uji huo nao una ukali wa kuchoma ngozi, wala usimwagwe kwenye mfereji kwani utaganda humo. Wale vijana waliuzoa kwa makarai. Baada ya jiwe la kwanza walijaza vitundu vidogo vilivyojitokeza kwa saruji ya rangi ile ile, wakasubiri siku kadhaa tena, wakarudi na jiwe la pili na la tatu. Wakakoma.

Nyumba yetu iliingia Ramadhani na kutoka bila ua. Tulifuturu ukumbini, juu ya chokaa ya babu, na mama alitawadha kwa birika na beseni mkono ukiwa kwenye plasta. Idd ilipita. Kazi iliisha baada ya watu kumaliza sita za Shawwal.

Jikoni nina neno kwa akina mama na kwa wanaowanunulia. Meza ya zege lililosuguliwa ni nzuri, haiungui kwa sufuria, lakini haipatani na ndimu. Asidi hula saruji. Ndimu iliyokatwa ikaachwa usiku, ukwaju uliorowekwa ukamwagika, siki, na zile dawa kali za kusafishia choo, vyote huacha alama isiyofutika isipokuwa kwa kusugua upya. Hina hupaka rangi, na mafuta ya nazi na samli hunywewa. Kuna dawa ya kuziba vitundu, hupakwa sakafu ikisha kukauka vizuri na hurudiwa kila baada ya muda. Lakini hata hiyo hukupa nafasi tu ya kufuta, haikupi ruhusa ya kusahau. Mama hukatia ndimu juu ya kibao, na ole wake mjukuu atakayesahau. Kwa kuosha, sabuni laini na maji yatosha. Nta isipakwe kabisa mahali penye maji.

Siku ya kwanza mama alipokwenda kutawadha uani, sote tulijifanya tuna shughuli karibu naye. Aliinama akapitisha kiganja juu ya kijibaraza, akasugua kwa kidole gumba, akaketi. Akaosha miguu yote miwili bila kushika ukuta. Kisha akatuuliza tumesimama hapo kwa nini, na kama hatukusikia adhana.

Daka la kaka bado lipo. Nta ilikwisha kabla ya mwaka kuisha, na vile viraka vya uji wa saruji vimetoka kimoja baada ya kimoja. Kaka asema atalibomoa akipata fedha. Watoto wa mtaa humwomba asilibomoe, kwa sababu mashimo yale ni sawasawa na gololi.