Mama aliyehesabu kwa masikio

Sogeeni hapa chini ya mkorosho, wajukuu zangu. Leo sina sungura wala fisi. Mnamkumbuka yule karani wa sensa aliyepita hapa Mbwawa na kishikwambi, Agosti 2022? Aliuliza: nani alilala nyumba hii usiku wa kuamkia tarehe 23? Mdogo wenu alikuwa na siku nne tu, hata jina hajapewa, naye akaandikwa. Basi Kamisaa wa Sensa, mkubwa wa kazi ile, alikuwa Mama Anne Makinda. Ndiye nitakayewasimulia.

Alizaliwa mwaka 1949, mtoto wa Njombe, kule kwenye baridi ya kuvaa sweta mchana kweupe. Akasomea uhasibu Mzumbe, Morogoro. Mhasibu mnamjua? Ukimwambia hela nyingi zimetumika, anakuuliza: ngapi? Risiti iko wapi?

Mwaka 1975, akiwa na miaka 26, akaingia bungeni. Rais alikuwa Mwalimu Nyerere, na chama kilikuwa kimoja tu Bara. Akatoka lini? 2015. Haya, hesabuni kwa vidole, mkiishiwa azimeni vya miguu. Miaka 40! Baba zenu walizaliwa, wakasoma, wakaoa, yeye yumo tu.

Katikati aliwahi kuwa waziri. Vyama vingi viliporudi, akagombea Njombe Kusini mwaka 1995, akashinda, na jimbo akalishika miaka 20. Tarehe 12 Novemba 2010 wabunge wakapiga kura ya Spika: yeye 265, Mabere Marando wa CHADEMA 53. Hajawahi mwanamke kukikalia kiti kile Tanzania kabla yake.

Sasa Spika kazi yake nini? Wengi mnadhani ni kuwaambia watu wakae chini. Hilo lipo, tena sana. Lakini subirini muswada ufike mwisho. Siwa iko mezani, ukumbi wa Dodoma umejaa. Spika anasema: wanaoafiki waseme ndiyo. Ukumbi unanguruma. Wasioafiki waseme siyo. Wengine nao wananguruma. Hapo hakuna vidole wala risiti. Mhasibu wetu anahesabu kwa masikio! Halafu anatangaza: waliosema ndiyo wameshinda.

Ukiwa upande wa siyo, umepiga kelele mpaka koo limekauka, unaona umeonewa. Wapinzani walimlalamikia sana kwamba anakibeba chama chake, CCM. Novemba 2011, kwenye muswada wa mabadiliko ya katiba, wabunge wa CHADEMA waliinuka wakatoka nje. Mimi naona kuna siku walikuwa na haki ya kununa. Lakini jaribuni nyinyi: wa chama chako ndio wengi, ndio wenye sauti nene, na wewe ndiye wa kusema kelele ipi imezidi.

Alipostaafu ubunge ndipo akaja kupewa hesabu isiyo ya kukisia, ya nyumba kwa nyumba. Jibu likatoka: watu 61,741,120. Mdogo wenu wa siku nne yumo humo.

Na wewe unayenuna pale nyuma kwamba karani alikuruka, usiku ule ulilala wapi? Kwa shangazi yako, Kisarawe. Basi uliandikwa hukohuko.