Punda-Mwitu wa Afrika

Punda kihongwe twamjua sote, lakini ni wachache wajuao kuwa ana ndugu yake angali porini. Huyo ni punda-mwitu wa Afrika, akaaye katika jangwa la Danakil, nchi za Ethiopia na Eritrea. Rangi yake ni ya kijivu, tumbo ni jeupe, na miguu ina milia kama ya punda milia. Aweza kukaa siku mbili tatu bila kunywa maji.

Punda wetu wametoka katika jamii hiyo. Walianza kufugwa Afrika yapata miaka 7,000 iliyopita. Lakini wale wa porini karibu watatoweka: hesabu ya mwaka 2014 ilikadiria waliokomaa kuwa hawazidi 200. Sababu ni tatu. Huwindwa kwa nyama na dawa. Mifugo huwanyang'anya maji na malisho. Tena huzaana na punda wa kufugwa, mbegu yao ikachanganyika. Na kwa kuwa jike huchukua mimba yapata mwaka mzima, akazaa mtoto mmoja tu, pengo halizibiki upesi.

Twasema shukrani ya punda ni mateke. Mimi naona hapa mpiga mateke ni binadamu. Jamii iliyotubebea mizigo miaka yote hiyo yastahili angalau kuachiwa kisima chake.