KOMPYUTA ZA WANAFUNZI: Bei ya chini ina sababu yake

MIEZI ya Oktoba na Novemba, vyuo vikuu nchini vinapopokea mwaka wa kwanza, huwa ni msimu mzuri kwa wauzaji wa kompyuta mpakato za mtumba. Katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, mzazi huingia na mwanawe, huuliza bei, hutazama kama kioo hakina mkwaruzo, hulipa na kuondoka. Mambo mawili tu hutazamwa, bei na sura. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea.

Na si fedha za mchezo. Fungu la vitabu na viandikwa linalotolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu limekuwa Sh. 200,000 kwa mwaka, kiasi ambacho hakifikii bei ya kompyuta ya mtumba iliyo nzima. Pengo hujazwa na mzazi, au na "bumu" lenyewe. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 fedha za chakula na malazi zilipandishwa kutoka Sh. 8,500 hadi Sh. 10,000 kwa siku. Hivyo kila Sh. 100,000 anayoongeza mwanafunzi kwenye kompyuta ni siku kumi za kula na kulala.

Tarehe inayopaswa kukumbukwa na kila mnunuzi ni Oktoba 14, 2025. Siku hiyo kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa programu endeshi ya Windows 10. Waliojiandikisha waliongezewa mwaka mmoja wa marekebisho ya usalama, hadi Oktoba 13, 2026. Shahada ni miaka mitatu, ya uhandisi minne. Hesabu hiyo haikubaliani na kompyuta isiyoweza kupanda kwenda Windows 11.

Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, kumbukumbu isiyopungua GB 4 na, kwa zile za Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Ofisi za Ulaya na Marekani zenye mashine za kizazi cha 6 na 7 zina kila sababu ya kuziondoa, na mashine za namna hiyo ndizo zinazouzwa rahisi huku. Hazijaharibika. Zimepitwa na wakati.

HP EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha 6, G4 ni cha 7. Kwenye G5 mtu angedhani amefika salama, lakini baadhi ya G5 zilitoka kiwandani na prosesa za kizazi cha 7. Lenovo ThinkPad T480 nayo ni hivyo hivyo. Jina lililoandikwa kwenye kifuniko halitoshi basi. Mnunuzi aombe mashine iwashwe, afungue sehemu ya "About" na kusoma namba ya prosesa. Ikiandikwa i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi, yaani cha 6. Ikiwa i5-8250U, ni cha 8. Muuzaji anayekataa kuwasha mashine ameshajibu swali.

Kumbukumbu ya GB 4 huwasha kompyuta, lakini haifanyi kazi ya chuo. GB 8 ndiyo iwe chini kabisa, na diski iwe SSD. Wa sheria au ualimu atatosheka hapo. Wa uhandisi na usanifu majengo asishuke chini ya hapo hata kidogo, kwani AutoCAD inadai GB 8 kama kiwango cha mwanzo, sawa na ArcGIS Pro ya wanaosoma ramani na ardhi. ArcGIS Pro haikutengenezwa kwa ajili ya Mac, hivyo anayevutiwa na MacBook aulize idara yake kwanza. AutoCAD, kwa bahati nzuri, hutolewa bure kwa wanafunzi, na hakuna haja ya kumlipa fundi wa mtaani kwa nakala ya wizi.

Betri nayo ina siri zake. Amri "powercfg /batteryreport" hutoa taarifa ya uwezo iliyokuwa nao ikiwa mpya na uliobaki sasa. Jambo baya zaidi ni kufuli: mashine iliyo na nywila ya BIOS, au ambayo bado imeandikishwa katika mfumo wa kampuni iliyoimiliki, inaweza kujifunga siku itakapowekwa Windows upya na kuunganishwa na intaneti.

Upande wa kodi, kompyuta hazitozwi ushuru wa forodha katika Afrika Mashariki, ila VAT ipo. Mwaka 2021 Serikali ilisamehe VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu. Mwaka 2022 msamaha ukafutwa, kwa maelezo kuwa haukumnufaisha mlaji. Wanafunzi hawakupata muda wa kuuonja.

Baada ya kununua huja bando. Somo la video linalopokelewa kwa kilobiti 600 kwa sekunde hula takriban MB 270 kwa saa, kabla ya kuhesabu picha ya mwanafunzi mwenyewe inayorushwa. Sauti peke yake haifiki MB 40. Kompyuta inayotumia intaneti ya simu huweza pia kupakua masasisho kimya kimya na kumaliza bando la wiki kwa usiku mmoja. Dawa ni kuwasha chaguo la "metered connection" na kuyaacha masasisho mpaka mwanafunzi awe kwenye mtandao wa chuo.

Risiti ya EFD idaiwe dukani hapo hapo, na muuzaji aandike kwa mkono namba ya mashine na muda wa dhamana.