Kompyuta mpya inapokataa hesabu za zamani

KOMPYUTA mpya ikifika dukani, furaha yake hudumu mpaka mwenye duka anapobofya programu yake ya zamani ya hesabu. Kioo kinatoa ujumbe kwamba programu hiyo haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta ile, na madeni ya wakulima ya misimu kadhaa yanabaki yamefungiwa ndani ya mafaili yasiyofunguka.

Hali hiyo inaweza kumkuta muuza pembejeo wa Ngamiani jijini Tanga, mnunuzi wa machungwa wa Muheza, karani wa kituo cha kupokea maziwa au mhasibu wa chama cha ushirika cha wakulima wadogo wa mkonge wilayani Korogwe. Wote hao huandika nani amechukua nini kwa mkopo na nani amelipwa kiasi gani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi daftari la wengi limo ndani ya kompyuta.

Suala hili limekuwa la haraka zaidi tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa watumiaji wa Windows 10. Anayenunua kompyuta mpya sasa hukuta ndani yake Windows 11, ambayo ilitoka Oktoba 2021 na hutolewa kwa biti 64 tu. Windows ya biti 64 haiwezi kuendesha programu za biti 16, yaani zile zilizoandikwa kwa ajili ya DOS na Windows za mwanzoni mwa miaka ya 1990. Aidha, zipo programu za wakati wa Windows XP ambazo hugoma au kufanya kazi nusunusu zikihamishiwa kwenye mfumo mpya.

Chumba cha mpangaji

Dawa inayotumika sana ni mashine pepe, yaani kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta. Mfano wake ni nyumba yenye mpangaji. Nyumba ni Windows mpya, na mpangaji ni Windows ya zamani aliyepewa chumba chake, sehemu ya diski na sehemu ya kumbukumbu ya kufanyia kazi, yaani RAM. Humo ndani programu ya zamani huamini kwamba ingali katika kompyuta yake ileile ya siku zote.

Programu za kutengeneza chumba hicho zinapatikana bila malipo. VirtualBox, iliyotolewa na kampuni ya InnoTek ya Ujerumani mwaka 2007, leo iko chini ya Oracle. VMware Workstation Pro nayo ilianza kutolewa bure kwa watumiaji wote Novemba 2024. Hata hivyo, Windows ya zamani inayoingizwa ndani yake si ya bure. Mwenye duka anapaswa kuwa na diski yake halali pamoja na namba ya leseni.

Kikwazo ni kwamba VirtualBox mara kwa mara hugoma siku ya kwanza. Hapo ndipo hasara hutokea, kwa sababu fundi mwenye haraka huamua kupiga Windows upya, na mafaili yote yaliyokuwamo yanafutika. Tatizo lililohitaji dakika kumi linageuka kuwa msiba wa msimu mzima.

Kwanza nakala

Kabla ya kugusa chochote, folda nzima ya programu ya hesabu inakiliwe kutoka kompyuta ya zamani kwenda kwenye flashi mbili au diski ya nje. Nakala moja ibaki dukani na nyingine ilale nyumbani. Kompyuta ya zamani isiuzwe wala kufutwa mpaka hesabu zimefunguka kwenye mpya na salio la wateja watatu au wanne limelinganishwa na kukutwa sawa.

Tahadhari hii ina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi kutunza kumbukumbu zake kwa muda usiopungua miaka mitano. Mkaguzi akiuliza hesabu za miaka mitatu iliyopita, jibu la kwamba kompyuta ilikataa halitamsaidia mwenye duka.

Hatua ya pili ni kupiga picha ya ujumbe wa kosa kwa simu, neno kwa neno. Ujumbe huo ndio unaoonyesha mlango wa kuingilia. Fundi anayeambiwa tu kwamba "imegoma" hana pa kuanzia.

Programu isipokubali kuingia

Kosa la kwanza la kuangalia ni faili lililopakuliwa nusu. Bando likikatika katikati, faili huweza kuonekana zima wakati halijakamilika. Ukubwa wake ulinganishwe na ule ulioandikwa kwenye ukurasa wa mwenye programu, na likiwa pungufu lipakuliwe tena kutoka hukohuko, si kutoka kwenye flashi ya kuazima ambayo huenda imebeba virusi.

La pili ni ruhusa. Anayeingiza programu awe ameingia kwa akaunti ya msimamizi wa kompyuta. Abofye faili kwa kitufe cha kulia cha mausi na kuchagua "Run as administrator".

La tatu ni kipande kinachokosekana. VirtualBox kuanzia toleo la 7.0 huhitaji kifurushi cha Microsoft kiitwacho Visual C++ Redistributable cha mwaka 2019 au baada yake. Kisipokuwepo, usakinishaji husimama na kukitaja kwa jina. Kinapatikana bure kwa Microsoft. Kikishaingizwa, kompyuta iwashwe upya na kazi irudiwe.

La nne ni Windows yenyewe. Baadhi ya kompyuta za mtumba zina Windows 10 ya biti 32, na VirtualBox iliacha kuhudumia mfumo wa aina hiyo kuanzia toleo la 6.0 la Desemba 2018. Aina ya mfumo huonekana kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya "System" kisha "About".

Pamoja na hayo, wakati wa kuingiza VirtualBox hutokea onyo kwamba mtandao utakatika kwa muda mfupi. Hilo si kosa. Ila mwenye duka anayetuma ritani au malipo ya benki kwa kompyuta hiyohiyo amalize kwanza ndipo akubali.

Ikiingia lakini haiwaki

Kundi la pili la matatizo hujitokeza pale VirtualBox inapokuwa imeingia vizuri, chumba kimetengenezwa, lakini mpangaji hawezi kuwashwa. Hapa kinachotafutwa ni uwezo uliomo ndani ya prosesa. Intel huuita VT-x na iliuanzisha mwaka 2005, wakati AMD huuita AMD-V, ulioanza mwaka 2006. Tangu toleo la 6.1 la Desemba 2019, VirtualBox haifanyi kazi kabisa bila uwezo huo.

Kuukagua ni rahisi. Vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa kwa pamoja, hufunguka dirisha la "Task Manager". Kwenye sehemu ya "Performance", chini ya "CPU", upo mstari wa "Virtualization". Ukisomeka "Enabled", uwezo umewashwa. Ukisomeka "Disabled", upo lakini umezimwa, na ujumbe wa VirtualBox kwa kawaida utasema VT-x imezimwa katika BIOS.

BIOS ni mipangilio ya msingi ya kompyuta, inayofanya kazi kabla Windows haijawaka. Huingiwa kwa kubonyeza kitufe maalumu mara tu baada ya kuwasha: kwenye HP nyingi ni F10, Dell ni F2, na Lenovo ni F1 au F2. Humo hutafutwa maneno "Virtualization Technology", au "SVM" kwa prosesa za AMD, huwashwa, kisha mabadiliko huhifadhiwa.

Kabla ya kuingia humo, mwenye kompyuta ahakikishe anao ufunguo wa kufungulia diski. Kompyuta nyingi za Windows 11 hufunga diski kwa siri, na mabadiliko ya BIOS huweza kuifanya idai ufunguo huo wenye tarakimu 48. Asiyekuwa nao atajikuta amefungiwa nje ya mali yake mwenyewe.

Kwa kompyuta za mtumba upo ugonjwa mwingine unaowachanganya wengi. Uwezo unawashwa leo, kesho umezimika tena. Mara nyingi chanzo ni betri ndogo ya mviringo iliyomo ndani, aina ya CR2032, inayotunza mipangilio ya BIOS kompyuta inapokuwa haina umeme. Dalili yake ni saa na tarehe kurudi nyuma kila umeme unapokatika. Betri ibadilishwe kwanza, na kwa kuwa hewa ya chumvi ya pwani hula vyuma, vishikio vyake vikaguliwe kutu.

Wapangaji wawili, chumba kimoja

Upo wakati mstari ule unasomeka "Enabled" na bado VirtualBox inadai VT-x haipatikani. Maana yake ni kwamba Windows yenyewe imekwisha kuuchukua uwezo huo kwa kazi zake. Wakati mwingine mashine pepe huwaka lakini kwa kujikongoja, na chini ya dirisha lake hutokea alama ya kobe wa kijani. Kobe huyo ni ujumbe tosha.

Suluhisho ni kufungua orodha ya "Turn Windows features on or off" na kuondoa alama kwenye "Hyper-V", "Virtual Machine Platform" na "Windows Hypervisor Platform", kisha kuwasha kompyuta upya. Kobe akiendelea kuonekana, kinachobaki ni kinga iitwayo "Memory integrity" katika usalama wa Windows. Kuizima kunapunguza ulinzi wa kompyuta. Kama programu ya hesabu inakwenda polepole lakini inafanya kazi, ni afadhali kumvumilia kobe kuliko kuacha mlango wazi.

RAM nayo igawanywe kwa kiasi. Kompyuta yenye GB 4 haiwezi kumpa mpangaji GB 3 na yenyewe ikabaki salama. Windows XP ya biti 32, ambayo bado inaweza kuendesha programu nyingi za biti 16, hutosheka na MB 512 kwa kazi za hesabu.

Ikiwa prosesa haina kabisa VT-x wala AMD-V, hakuna mpangilio utakaoileta. Hapo ni nafuu kuiacha kompyuta ya zamani iendelee kutunza hesabu, bila kuunganishwa na mtandao, kuliko kumlipa fundi siku tatu akitafuta kisichokuwepo.

Daraja la kuvukia

Mpangaji akishawaka, asipewe mtandao. Microsoft iliacha kuirekebisha Windows XP Aprili 8, 2014, na mianya iliyogunduliwa baada ya hapo imebaki wazi. Katika mipangilio ya mashine pepe, kadi ya mtandao izimwe. Kazi ya benki na ya kodi ifanywe kwenye Windows mpya.

Faida moja kubwa ya mpango huu ni kwamba mashine pepe nzima, pamoja na hesabu zake, ni folda inayoweza kukiliwa. Kila mwisho wa mwezi izimwe kabisa, kisha folda hiyo ipelekwe kwenye diski ya nje. Kompyuta ikiibwa au kuunguzwa na umeme, chumba kilekile kinafunguliwa kwenye kompyuta nyingine.

Pamoja na hayo, chumba hicho si makao ya kudumu. Msimu ukifungwa, salio la kila mkulima lichapwe, lisainiwe na pande zote mbili, na liingizwe kwenye programu mpya kama salio anzia. Kuanzia hapo mashine pepe ibaki kwa kusoma tu, na isifutwe mpaka miaka mitano ya sheria ipite.