Fahamu: Tokeni za stima na namba zinazofurika

Mwaka 2024 wateja wa Kenya Power, wa mtaa wa Mukuru kwa Njenga wakiwamo, walinunua tokeni wakaletewa safu tatu za tarakimu 20. Mbili za kwanza zilikuwa za kusasisha mita. Ya tatu ndiyo stima yenyewe.

Kisa ni hesabu. Tokeni hubeba dakika ilipotolewa, ikihesabiwa tangu 1 Januari 1993, katika nafasi ya biti 24. Nafasi hiyo hutosha dakika 16,777,216 tu, nazo ziliisha 24 Novemba 2024. Angalau kikomo hicho kilijulikana mapema.

Namba hufurika pia kwenye lugha ya programu ya C, na huko mambo ni magumu zaidi. Namba ya biti 32 inayokubali hasi hukomea 2,147,483,647. Ongeza moja, na chipu za kawaida hurukia hasi 2,147,483,648. Kiwango rasmi cha C, hata hivyo, hakiahidi jibu lolote. Kwa hiyo kompaila ya GCC, ikiambiwa iharakishe programu, yaweza kuufuta mstari ulioandikwa kunasa kosa hilo. Bila kuharakisha, jaribio la mstari huo huenda likapita vizuri. Ndiyo maana waandishi wengi wa programu huiamini chipu kuliko kiwango hicho.

Unaandika programu ya pesa? Kagua kikomo kabla ya kujumlisha, si baada.