Ini Nalo Huchenjua

Rwamagasa, mkoani Geita, siku huanza kwa ngurumo ya karasha. Mawe yaliyopandishwa kutoka mashimoni husagwa mpaka yawe unga, unga huoshwa kwa maji, kisha huchanganywa na zebaki ili ikamate chembe za dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa. Zebaki hupaa kama mvuke, dhahabu hubaki. Wachimbaji huiita kazi hiyo kuchenjua, na wanaoijua vizuri wanafahamu kwamba sumu yake kali haikuwamo kwenye jiwe. Huzaliwa katikati ya kazi, pale donge linapokutana na moto.

Chini ya mbavu za kulia za mchimbaji huyohuyo kuna kiungo chenye uzito wa takriban kilo moja na nusu ambacho nacho huchenjua, usiku na mchana, kila kinachoingia kwa njia ya chakula, kinywaji na dawa. Ni ini. Nalo, kama karasha na moto wa Rwamagasa, mara nyingine huzalisha katikati ya kazi kitu kibaya kuliko kile lililopokea.

Sababu ya ini kufanya kazi hiyo ni maji na mafuta. Dawa nyingi huyeyuka kwenye mafuta, na ndiyo maana hupenya ukuta wa utumbo na kufika kwenye damu. Lakini figo hutoa uchafu kwa njia ya mkojo, na mkojo ni maji. Kitu cha mafuta kikifika kwenye figo hurudishwa kwenye damu, kikaendelea kuzunguka. Ili kitoke, lazima kwanza kigeuzwe kiyeyuke majini. Vinavyokigeuza ni vimeng'enya, na familia yake kubwa inaitwa saitokromu P450. Jina hilo lilitolewa na Wajapani wawili, Tsuneo Omura na Ryo Sato, mwaka 1962, kwa sababu kimeng'enya hicho kikishika gesi ya kaboni monoksaidi hufyonza mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanometa 450. Binadamu ana jeni 57 za familia hiyo.

Kazi huenda kwa hatua mbili. Katika ya kwanza, P450 huchomeka oksijeni kwenye kemikali, kama mtu anayegongomea kishikio kwenye kitu kinachoteleza. Katika ya pili, vimeng'enya vingine hushika kishikio hicho na kukifungia mzigo unaopenda maji, kwa mfano glutathioni, kisha mzigo mzima hutupwa kwenye mkojo au nyongo. Hatari ipo kati ya hatua hizo mbili. Kemikali iliyokwisha kuwekewa oksijeni lakini haijafungwa inaweza kuwa na uchu wa kung'ang'ania chochote kilicho karibu: protini, mafuta ya seli, hata DNA.

Parasetamoli ni mfano ulio karibu na kila nyumba. Sehemu kubwa ya kidonge hupita hatua ya pili moja kwa moja. Sehemu ndogo huangukia kwa kimeng'enya CYP2E1, nacho huigeuza kuwa kemikali inayoua seli za ini, ila glutathioni huidaka mapema. Kwa mtu mzima mwenye afya asiyezidisha vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, udakaji huo unatosha. Mnywaji wa gongo wa kila siku yuko mahali pengine: pombe humwongezea CYP2E1, na kula vibaya humpunguzia glutathioni. Kipimo kisichomdhuru jirani yake kinaweza kumdhuru yeye, kwa hiyo anahitaji kumwambia mhudumu ukweli kuhusu pombe kabla ya kuondoka na vidonge.

Mfano mkubwa zaidi, na wenye huzuni zaidi, hautoki duka la dawa. Unatoka ghalani.

Mahindi na karanga visivyokauka vizuri huota kuvu, na kuvu hao hutengeneza sumukuvu. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua ghafla kwa kula mahindi yenye sumu hiyo: wagonjwa 68, na 20 kati yao wakafariki. Kenya, mwaka 2004, wagonjwa walikuwa 317 na waliofariki 125. Hayo ni maafa ya dozi kubwa. Dozi ndogo, inayoliwa kwenye ugali na karanga mwaka hadi mwaka, haimwangushi mtu. Kazi yake ni ya polepole, nayo hufanyika ndani ya ini.

Sumukuvu aina ya B1, kama ilivyo kwenye punje, haina uwezo wa kushika DNA. Ikifika kwenye ini hukutana na CYP3A4 na CYP1A2, ambavyo huichomekea oksijeni kama vifanyavyo kwa kitu kingine chochote. Ini halina namna ya kutambua kwamba safari hii linaunda silaha. Kinachotoka ni epoksaidi, kemikali ambayo majini hudumu kama sekunde moja tu. Sekunde hiyo inatosha kuifikisha kwenye DNA na kuing'ang'aniza kwenye herufi G. Seli inaponakili DNA yake, G hiyo inaweza kusomwa kimakosa kuwa T. Mwaka 1991 watafiti walikuta kosa la namna hiyo, mahali palepale kwenye jeni ya TP53, katika uvimbe wa saratani ya ini wa wagonjwa wa Qidong, China, na wa kusini mwa Afrika. TP53 ndiyo jeni inayozuia seli iliyoharibika isizaliane.

Panya wa maabara wa aina kubwa wakilishwa sumukuvu hupata saratani kwa urahisi. Panya wa aina ndogo huihimili. Wote wawili huunda epoksaidi. Panya wa aina ndogo ana kimeng'enya cha hatua ya pili kinachoifunga epoksaidi kwa glutathioni haraka mno, kabla haijaigusa DNA. Binadamu hakujaliwa kasi hiyo.

Mtu akiwa na virusi vya homa ya ini B, hali huwa mbaya zaidi. Utafiti uliofanyika Shanghai miaka ya 1980 na 1990 ulionyesha kwamba sumukuvu peke yake iliongeza hatari ya saratani ya ini mara 3 hivi, virusi peke yake mara 7, na vyote viwili kwa pamoja mara 59. Kwa hiyo chanjo anayopewa mtoto mchanga kliniki ya Kahama akiwa na wiki 6, 10 na 14, ambayo ina kinga ya homa ya ini B, inamlinda pia dhidi ya sehemu ya madhara ya mahindi atakayokula maisha yake yote. Kupika hakusaidii sana, maana moto wa jikoni hauivunji sumukuvu. Kinachosaidia ni kukausha juu ya turubai badala ya udongo, kuchambua punje zilizooza, na kukoboa, kwa kuwa sumu nyingi hukaa kwenye pumba na kiini.

Zebaki ina habari tofauti, na wengi huichanganya na ya sumukuvu. Zebaki ni elementi. Ini linaweza kuvunja dawa kwa sababu dawa ni muungano wa atomu. Hakuna kimeng'enya kinachoweza kuvunja atomu. Maziwa yanayonywewa baada ya kuchoma dhahabu hayaitoi zebaki mwilini.

Ukanda wa migodi una jambo jingine linalogusa vimeng'enya kila siku: kifua kikuu, ambacho hupata nafasi kwenye mapafu yaliyochoshwa na vumbi la mawe. Dawa yake kuu, rifampisini, huliamuru ini liongeze vimeng'enya, hasa CYP3A4. Ini lililoongeza wafanyakazi humaliza dawa nyingine kabla hazijafanya kazi. Ndiyo maana mgonjwa wa VVU anayetumia dolutegraviri hupewa miligramu 50 mara mbili kwa siku akiwa kwenye rifampisini, badala ya mara moja. Dawa mseto ya malaria nayo hupungua sana kwenye damu.

Efavirenzi, dawa ya VVU iliyotumika kwa miaka mingi, huongeza vimeng'enya vivyo hivyo, na Kampala palipatikana ushahidi unaouma. Wanawake 20 waliokuwa wakiitumia waliwekewa vijiti vya uzazi wa mpango na kufuatiliwa kwa wiki 48. Watatu walipata mimba. Homoni kwenye damu yao ilikuwa imeshuka hadi karibu nusu ya ile ya wanawake wasiotumia efavirenzi.

Mwanamke wa Katoro anayeanza dozi ya kifua kikuu akiwa anameza vidonge vya majira anastahili kuambiwa siku ileile ya kwanza, kwenye dirisha la dawa, kwamba rifampisini nayo hushusha homoni za vidonge hivyo, na kupewa njia isiyopitia ini, kama kitanzi au kondomu. Na asiiache njia hiyo siku anayomaliza dozi: rifampisini ikishaondoka, ini huchukua wiki 2 hivi kurudisha vimeng'enya vyake kwenye kiwango cha zamani.